Kabla ya kukilaumu kimeng'enya: kukata na kuunganisha sukari za machicha ya nazi

Machicha yakitoka kwenye kifumbu saa kumi na mbili asubuhi, ikifika saa tano hayafai tena kwa vipimo. Ukiyatazama bado ni meupe, lakini ukiyasogeza puani yameshaanza uchachu. Hapa Malindi, hasa Februari na Machi kabla ya masika, joto la kivulini huzidi nyuzi 30 na bakteria hawangoji mtu. Sukari nyepesi iliyobaki kwenye machicha wanaila wao, wanaacha asidi, na asubuhi ya pili unapima kazi ya kimeng'enya chako (protini inayokata sukari za machicha) bila kujua kwamba nusu ya unachokiona ni kazi yao.

Wengi wanaoanza shughuli hii hukimbilia kimeng'enya chenyewe. Wanatafuta kilicho kikali zaidi au kinachostahimili joto zaidi, au wanataka kukibadilisha kabla hawajakielewa. Kwa muda tuliofanya kazi na sukari za nazi, mara nyingi kilichokwamisha kazi hakikuwa kimeng'enya. Yalikuwa mafuta, au maji ya kisima, au chenga zilizosagwa vibaya. Kwa hiyo nitaanza na machicha, na uhandisi utafuata.

Kinachobaki baada ya tui kutoka ni kuta za chembe za nazi, na sehemu kubwa ya kuta hizo ni mannani. Mannani ni mnyororo mrefu wa punje za sukari iitwayo manosi, zilizoshikana kwa kiungo cha beta-1,4, na hapa na pale kuna tawi la galaktosi, sukari nyingine, lililoshikizwa kwa kiungo cha alfa-1,6. Matawi hayo ndiyo yanayoamua tabia. Gundi ya guari, itokayo kwenye mbegu za mmea wa jamii ya kunde, ina tawi moja kwa kila manosi mbili hivi, na huyeyuka kwenye maji baridi. Gundi ya karobu, itokayo kwenye mbegu za mti wa karobu, ina tawi moja kwa kila manosi nne hivi, nayo haiyeyuki vizuri mpaka maji yafike karibu nyuzi 80. Mannani ya nazi ina matawi machache kuliko zote mbili. Minyororo hulala sambamba ikabanana kama makuti yaliyoshonwa kwa karibu, na maji hayapenyi. Hilo likumbukwe, maana vipimo vingi hufanywa kwa gundi ya karobu iliyoyeyuka halafu watu wanashangaa kimeng'enya kilekile kikilala mbele ya machicha.

Machicha yachukue kwa mama anayepika mbaazi za nazi, tui la pili likishatoka. Mwombe siku moja kabla asiyatie chumvi wala asiyachanganye na ya jana. Kwa kawaida atauliza, "Mwanangu, haya si ya kuku?" Mjibu ukweli: ni ya kuku vilevile, ila yanapitia mkono mwingine kwanza. Mannani isiyokatwa hufanya chakula kuwa kizito tumboni mwa kuku na chakula kingine hakifyonzwi sawasawa. Ikikatwa vipande vya manosi mbili au tatu, uzito huo huondoka.

Yaoshe papo hapo kwa maji ya nyuzi 70, lita 3 kwa kila kilo ya machicha mabichi. Koroga dakika 10, rudisha kwenye kifumbu, kamua kwa nguvu, kisha rudia. Maji ya kwanza hutoka meupe kama tui jepesi. Ya pili yafanane na maji yaliyooshea mchele, na yakiwa bado mazito osha mara ya tatu. Anika kwenye turubai safi, tabaka jembamba kama unene wa kidole, na geuza kila saa. Jua la kaskazi linakausha kwa siku moja na nusu. Mvua za Mei zikianza usihangaike na jua. Tumia oveni ya nyuzi 60 usiku kucha. Usipandishe zaidi ya hapo kwa kutaka haraka. Machicha yaliyokaushwa kwa moto mkali hugeuka kahawia, minyororo hubanana hata zaidi maji yanapokimbia, na hakuna kimeng'enya kitakachokurudishia ulichopoteza.

Saga, kisha chekecha kwa chekeche ya unga. Halafu pima mafuta kwa njia ya zamani: weka kijiko cha unga ndani ya karatasi nyeupe iliyokunjwa, bana kwa kitu kizito dakika 5, kisha inua karatasi dirishani. Doa linalopitisha mwanga ni mafuta, na mafuta hufunika chenga kama koti la mvua. Kwa vipimo tunayatoa kwa ethanoli ya moto ya asilimia 95, mara mbili, juu ya beseni la maji moto na mbali kabisa na moto wa wazi. Heksani hutoa mafuta vizuri zaidi, lakini mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo tu, na chumba kisicho na mtambo wa kuvuta hewa hakistahili kuingiziwa heksani. Unga wa kuku usiutie ethanoli wala heksani. Maji moto na kukamua vinatosha, na unakubali kazi iende polepole.

Maji. Visima vya pwani yetu hupita kwenye mwamba wa matumbawe na maji yake hubeba chokaa. Ukitengeneza bafa ya sitrati (myeyusho unaoshikilia pH, yaani kiwango cha asidi, isibadilike) kwa maji hayo, chokaa hushikana na sitrati, pH hupanda, na kimeng'enya cha kuvu kinachopenda pH 5 kinajikuta mahali kisipopapenda. Dalili yake ni hii: bafa uliyoipima pH 5.0 jana inasoma 5.6 leo baada ya kuchanganywa na machicha, na chini ya chupa kuna vumbi jeupe. Tumia maji yaliyokenekwa. Ukinunua maji ya betri dukani, pima pH kwanza, kwa kuwa chupa nyingine zinazofanana nazo zina asidi.

Basi, kazi yenyewe. Bafa ya sitrati milimola 50, pH 5.0, lita 1. Unga wa machicha gramu 50. Kimeng'enya cha mannanasi, yaani kinachokata mannani, kutoka kwa kuvu, uniti 20 kwa kila gramu ya unga. Joto nyuzi 50, na kukoroga bila kusimama. Usishawishike kuanza na gramu 100. Unga hunywa maji, hufura, na ndani ya dakika 20 unapata uji ambao kijiko kinasimama wima ndani yake. Juu kimeng'enya kinafanya kazi, chini hakijafika. Anza na 50, subiri saa 3 hivi uji ulegee wenyewe, ndipo uongeze 50 nyingine. Kulegea huko ni ushahidi mzuri: mannanasi hukata katikati ya mnyororo, si nchani, kwa hiyo uzito wa uji hushuka upesi hata kabla sukari fupi hazijawa nyingi. Baada ya saa 24 pandisha joto hadi nyuzi 95 kwa dakika 10 ili kimeng'enya kife, kisha chuja.

Sodiamu azidi ya asilimia 0.02 huzuia bakteria kwenye chupa za vipimo. Ni sumu. Chupa yenye azidi iandikwe kwa rangi nyekundu na isikae rafu moja na kitu chochote kitakachoishia kinywani mwa kiumbe.

Namna ya kupima ndipo palipo na udanganyifu mwingi, tena wa bila nia. Njia ya kawaida ni kitendanishi cha DNS, ambacho hugeuka kutoka manjano kwenda kahawia-nyekundu kadiri ncha huru za sukari zinavyoongezeka: gramu 10 za asidi ya dinitrosalisili, gramu 16 za sodiamu hidroksidi na gramu 300 za chumvi ya potasiamu sodiamu tatrati, kwa lita 1. Changanya kiasi sawa cha sampuli na kitendanishi, chemsha dakika 5 kamili, poza kwenye maji, soma kwenye nanomita 540. Kila mkato mmoja huzaa ncha moja mpya, na hapo ndipo hesabu ya uniti inapotoka: uniti 1 ni mikromoli 1 ya ncha kwa dakika.

Makosa niliyoyaona yakijirudia ni haya. Mtu huchora mstari wa kulinganisha kwa glukosi ilhali anapima manosi, rangi hazilingani. Mtu husahau chupa ya machicha yasiyo na kimeng'enya, kwa hiyo sukari iliyokuwemo tangu mwanzo anaihesabu kama ushindi. Au hununua unga wa kimeng'enya uliojazwa laktosi au maltodekstrini ili kuongeza uzito, na ncha za sukari hizo zinapaka rangi kabla kazi haijaanza. Chupa ya kimeng'enya peke yake, bila machicha, itakuonyesha hilo kwa dakika 5. Jingine: "joto la chumba" kwenye maelekezo ya nje ni nyuzi 20 hadi 25. Kwetu mezani Machi ni zaidi ya 30, na sampuli iliyoachwa "kidogo tu" kabla ya kuchemshwa imeendelea kukatwa muda wote huo.

Juu ya DNS weka vipimo viwili vya kukagua. Kwanza, kausha masalia yaliyobaki kwenye kichujio na uyapime uzito, maana mizani haijui rangi. Pili, weka tone la sampuli kwenye bamba la silika, linalotenganisha sukari fupi na ndefu, kimiminika cha kupandisha kikiwa butanoli, asidi ya asetiki na maji kwa uwiano wa 2:1:1, kisha nyunyizia asidi ya salfa ndani ya ethanoli na upashe joto. Ukiona doa la manosi mbili na la manosi tatu, na manosi moja kidogo tu, hiyo ni alama ya mannanasi. Manosi moja ikiwa nyingi, kuna beta-manosidasi imeingia (kimeng'enya kinachong'oa manosi moja moja nchani), au bakteria. Unyevu wa bahari huharibu mabamba haya: silika hunywa hewa ya Malindi na madoa hutoka marefu kama machozi. Yaweke kwenye oveni nyuzi 110 kwa dakika 30, yatumie yakishapoa tu, usiyaache mezani.

Sasa uhandisi.

Ndani ya mannanasi kuna asidi amino mbili (punje zinazounda protini) zinazobeba kazi yote, zote za aina iitwayo glutamati. Moja hutoa protoni kukivunja kiungo. Nyingine hukishika kile kipande cha sukari kilichobaki, kwa muda mfupi mno, mpaka maji yaingie na kukifungua. Katika mannanasi ya kuvu Trichoderma reesei, mtoaji ni namba 169 kwenye mnyororo wa protini na mshikaji ni namba 276. Katika ile ya bakteria Cellvibrio japonicus, ni namba 212 na 320. Ukiyajua haya umejua pia mahali pa kutogusa unapotafuta kimeng'enya kinachostahimili joto.

Njia ya kubadilisha bila kujua pa kugusa ni kuacha bahati ifanye kazi kisha uchague, na kwa kazi ya namna hiyo mwanasayansi wa Marekani Frances Arnold alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2018. Unakili jeni kwa PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi) ukitumia polimerasi ya Taq, kimeng'enya cha kunakili DNA, ukiongeza manganisi kiasi cha milimola 0.1 hadi 0.5 ili inakili kwa makosa. Lenga badiliko 1 hadi 3 kwa kila jeni. Yakizidi, karibu kila protini hutoka mfu. Jeni hizo ziingize kwenye bakteria, na makoloni yao yapande juu ya agari yenye gundi ya karobu ya asilimia 0.5, kisha mwaga rangi ya Kongo nyekundu ya asilimia 0.1 kwa dakika 15 na osha kwa chumvi ya mola 1. Palipokatwa hubaki duara jeupe kwenye wekundu.

Na hapa nasisitiza kwa moyo wote: utapata kile ulichochuja, si kile ulichotamani. Duara kubwa kwenye karobu ni duara kubwa kwenye karobu. Mannanasi ya Trichoderma ina mkia mdogo unaong'ang'ania selulosi, na mkia huo husaidia pale mannani inapokuwa imefungamana na selulosi, kama ilivyo kwenye kuta za mimea. Kwenye gundi iliyoyeyuka mkia hauna kazi. Kwa hiyo kimeng'enya kilichopoteza mkia kinaweza kushinda kwenye sahani na kushindwa vibaya kwenye machicha. Washindi 20 wa sahani wapeleke kwenye machicha halisi, gramu 1 kwa kila chupa, kabla hujafurahi. Ukitumia bamba la plastiki lenye vishimo 96, funika vizuri, kwa sababu vishimo vya pembezoni hukauka upesi kwenye joto letu na sukari iliyokolea huonekana kama ushindi. Weka kimeng'enya cha asili katikati na pembezoni pia, ulinganishe.

Kuzalisha protini kwenye E. coli, bakteria wa maabara, kunataka baridi. Kwa nyuzi 37 bakteria hutengeneza upesi, protini hukunjika vibaya na hukusanyika kama mabonge yasiyoyeyuka. Teremsha hadi nyuzi 18 usiku kucha, na IPTG, kemikali inayowaamsha bakteria waanze kutengeneza protini, milimola 0.2. Kama kitikisio hakina kipozeo, chupa za maji yaliyogandishwa ndani ya sanduku la baridi husaidia, zikibadilishwa kila saa 3; kazi inachosha lakini inawezekana. Mannanasi za kuvu zenye madaraja ya salfa ni bora zizalishwe kwenye hamira ya Pichia. Za bakteria ndizo rahisi kwa E. coli.

Upande wa kujenga ndio ninaoupenda zaidi, na unaanzia palepale pa kukata. Kipande cha sukari kimeshikwa na glutamati. Mlangoni kuna maji. Maji yakiingia, kipande kinaachiwa na mkato umekamilika. Lakini kikiingia kipande kingine cha sukari badala ya maji, viwili vinaungana. Kimeng'enya kilekile, dakika ileile. Ndiyo maana laktasi, kimeng'enya kinachokata sukari ya maziwa (laktosi), kwenye laktosi nyingi, asilimia 30 na kuendelea, hutengeneza minyororo ya galaktosi. Sukari imejaa kiasi cha kuyashinda maji. Ila usipoisimamisha kwa wakati, laktosi hupungua, maji hushinda, na minyororo uliyoijenga huliwa na mjenzi wake. Chukua sampuli kila dakika 30, tafuta kilele, siku inayofuata simamisha hapo.

Wagema wanaujua upande huu bila kuuita jina. Tembo la mnazi likiachwa kwenye chombo kisichooshwa vizuri, chovya kijiti uinue: uzi mrefu wa kamasi unaning'inia. Ni kazi ya Leuconostoc mesenteroides. Kimeng'enya chake huichukua sukari ya kawaida iliyomo kwenye utomvu, hukata glukosi na kuipanga kwa kiungo cha alfa-1,6 kuwa dekstrani. Nguvu ya kuunga inatoka kwenye kiungo cha sukari ileile kilichokatwa. Hakuna nguvu nyingine inayotakiwa.

Mwaka 1998 kundi la mwanakemia Stephen Withers huko Kanada lilipata njia ya kuyafungia maji mlango. Katika beta-glukosidasi ya bakteria Agrobacterium, kimeng'enya kinachokata glukosi, walimwondoa mshikaji, glutamati namba 358, wakaweka alanini, asidi amino nyingine. Kimeng'enya kikakosa uwezo wa kukata. Kisha wakakipa sukari iliyofungwa florini upande wa alfa, yaani umbo linalofanana na kile kipande kilichokuwa kimeshikwa. Kimeng'enya kiliiunganisha na sukari nyingine, na kwa kuwa hakikati tena, kilichojengwa kilibaki. Baadaye asidi amino serini na glisini mahali hapo zilifanya kazi vizuri kuliko alanini. Kwa mannani ilifanyika kwa Cellvibrio, namba 320 ikigeuzwa glisini.

Mabadiliko yenyewe ni rahisi. Vianzishi viwili, yaani vipande vifupi vya DNA vyenye herufi 25 hadi 35, badiliko likiwa katikati. Polimerasi isiyokosea, mizunguko 18. Kisha DpnI, kimeng'enya cha kukata DNA, kwa saa 1 nyuzi 37, ambayo hula plasmidi ya zamani pekee (duara la DNA linalobeba jeni la asili) kwa sababu ndiyo yenye alama za methili. Usifupishe saa hiyo. Plasmidi ya zamani ikiponyoka, utakuza koloni la kimeng'enya cha asili ukidhani ni kipya.

Na hilo ndilo balaa kuu la kazi hii. Kimeng'enya cha asili hukata kwa kasi mno, kiasi kwamba sehemu moja kwa elfu ikichanganyika na kile cha kujenga, inatosha kula usiku kucha kila kilichojengwa. Dalili: saa 4 baada ya kuanza bamba la silika linaonyesha madoa mazuri ya minyororo mirefu, asubuhi yamefifia na manosi fupi zimejaa. Usibadilishe pH, usiongeze sukari yenye florini. Tafuta uchafu. Kila kimeng'enya kiwe na resini yake ya nikeli ya kukisafishia, ambayo haijawahi kugusa cha asili, na chupa zake, na mirija yake. Jeni lisomwe herufi zote kutoka pande mbili. Kisha kichanganye na gundi ya karobu kwa saa 24 na upime kwa DNS. Rangi isizidi ile ya chupa isiyo na kimeng'enya.

Sukari yenye florini haipendi maji wala joto. Itunze kavu kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, ndani ya plastiki na si kioo, kwa kuwa asidi ya florini inayotoka humomonyoa kioo. Iyeyushe ndani ya bafa ya pH 7 dakika chache kabla ya kuitumia. Umeme ukikatika, friza iliyojaa chupa za maji yaliyogandishwa huhimili muda mrefu kuliko iliyo tupu, mradi mlango usifunguliwe. Vimeng'enya vyenyewe viweke kwenye gliseroli ya asilimia 50, visigande. Barafu ya sokoni, ile ya kuhifadhia samaki, inafaa kupozea mirija ikiwa mirija imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Bila mfuko, maji yake yenye chumvi na magamba huingia kwenye vifuniko, na unarudi kutafuta uchafu upya.